Muuza Dawa ya Panya Alivyonifunza Kuuza Riwaya

Nakala ya kwanza ya riwaya yangu kurudishwa dukani ilirudishwa na mama aliyekuwa na deni. Kitabu kinaitwa Marehemu Ana Deni. Mwenye duka alikuwa amekipanga kwenye rafu ya vitabu vya pesa, baina ya kimoja cha kuweka akiba na kingine cha kufuga kuku wa mayai, na yule mama, ambaye babake alikuwa ameaga akaacha mkopo wa sacco na wadhamini wenye hasira, akakinunua kwa jina tu. Alisoma mpaka ukurasa wa tisa, pale mweka hazina wa kamati ya mazishi anapopatikana amekufa ndani ya tangi la maji juu ya ploti na pesa za jeneza hazionekani. Akakirudisha.

"Hiki hakinisaidii," alimwambia mwenye duka, "lakini huyo mweka hazina alijitakia."

Nilipopigiwa simu niende nichukue nakala yangu niliona aibu. Hadi leo sijapata uhakiki mzuri kuliko huo.

Mimi ni karani wa hesabu Industrial Area, naishi Umoja, na riwaya naziandika alfajiri kabla watoto hawajaamka kuulizia soksi. Nimechapisha mbili kwa pesa zangu. Zote mbili ni za mauaji, na zote mbili zinachekesha, au angalau mimi hucheka nikiziandika. Watu huniuliza mambo hayo nayatoa wapi, kana kwamba kuna mahali pa siri. Nimekuwa mweka hazina wa kamati za mazishi mara tatu, basi. Aliyewahi kuishi Nairobi anajua: mnakutana jioni ghorofani kwenye hoteli moja mjini, chai inaagizwa na hakuna ajuaye nani atalipa, daftari linafunguliwa. Bili ya mochari inapanda kila siku, kwa hivyo kila ubishi kuhusu basi la kwenda mashambani una bei yake. Halafu mwenyekiti anasoma michango kwa sauti. Jioni moja alisoma, "Kutoka kwa mpenzi wa marehemu asiyetaka kutajwa, shilingi hamsini," na mjane, ambaye wiki nzima hakuwa ameinua uso, akaangua kicheko. Sote tukacheka. Kisha akalia, tukalia naye. Ukurasa wa kwanza niliuandika usiku huohuo.

Kuandika hakukunishinda. Kilichonishinda ni kumwambia mtu mwingine kwa nini akisome.

Uzinduzi nilioufanya Machi 2022 siutaji sana. Nilikodi ukumbi mdogo kwa shilingi 8,000, nikapanga viti 60, nikaagiza sambusa. Walikuja watu kumi na mmoja. Wawili kati yao walikuwa wamekosea mlango, walikuwa wakitafuta mkutano wa chama, lakini walipoona sambusa wakakaa. Nikasimama nikazungumza dakika arobaini kuhusu utanzu wa riwaya ya taharuki yenye ucheshi wa kiza na jinsi unavyoakisi jamii ya mijini baada ya ukoloni. Wifi yangu alisinzia. Niliuza nakala nne, mbili kwa wale wa chama, nafikiri kwa sababu walikuwa na hatia ya sambusa.

Na katika hao waliobaki kuzungumza nami, watatu waliniuliza swali lilelile: "Hii ni setbook?" Yaani, ni kitabu teule cha mtihani wa shule?

Mwandishi wa Kiswahili Kenya hashindani na waandishi wenzake. Anashindana na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Wasomaji wengi wa umri wangu riwaya ya mwisho waliyoisoma kwa Kiswahili waliisoma kwa ajili ya karatasi ya 102/3, Fasihi, na waliisoma wakiwa na mwongozo mkono wa pili. Ukimpa mtu riwaya ya Kiswahili leo, mkono wake unaanza kutafuta kalamu ya kupigia mstari. Mwalimu mmoja, rafiki yangu kabisa, alimaliza kitabu changu akanipigia kuniambia amehesabu dhamira saba. Nikamuuliza kama alicheka. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwani ilikuwa ya kuchekesha?"

Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu. Nyuma ya jalada nilikuwa nimeandika: "Riwaya inayoangazia maadili, tamaa na mauti katika jiji linalokua." Hayo ni maneno ya mtahini. Hata mimi ningetafuta kalamu.

Mwenye duka mwingine naye aliniambia waziwazi kwamba mambo ya upelelezi ni ya Waingereza, Kiswahili kina mashairi. Nilimjibu kwa hasira, na nafikiri kwa haki, kwamba Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtoa mpelelezi wake Bwana Msa kitabuni mwaka 1960, kabla hata Kenya haijapata uhuru. Akasema, "Sawa, na huyo naye nitamweka rafu gani?" Sikuwa na jibu. Mtu wa rafu hataki historia, anataka kujua pa kukuweka.

Sasa nije kwa mzee wa panya.

Ilikuwa jioni ya mvua, Tom Mboya Street, karibu na kituo cha wazimamoto. Nauli ya Umoja ilikuwa imepanda maradufu kama kawaida yake matone mawili yakianguka, na mimi nilikuwa nimekataa kwa kanuni kulipa hivyo, nimesimama chini ya kibaraza na boksi la vitabu 20 vilivyokataliwa na duka la tatu. Kando yangu palikuwa na meza ya dawa ya panya. Juu ya meza, panya watano waliokaushwa walikuwa wamepangwa kwa urefu, kama wanafunzi kwenye gwaride. Kipaza sauti kilichofungwa kwa kamba ya manila kilikuwa kinarudia sauti ya mzee mwenyewe aliyekuwa ameketi nyuma yake, hivi kwamba alikuwa kama mtu anayejisikiliza:

"Panya, mende, kunguni. Panya akila hafii ndani. Anatoka nje kutafuta maji. Anafia kwa jirani."

Nilisikiliza hilo kwa zaidi ya nusu saa. Watu walikuwa wakipita na miavuli, vichwa chini, wakifika kwenye "anafia kwa jirani" wanatabasamu. Si wote, ila wengi. Na kati ya waliotabasamu, mmojammoja alikuwa akipunguza mwendo. Mama mmoja alirudi kabisa. Alinunua pakiti tatu na akasema bila kuulizwa, "Na kweli huyo jirani ananiudhi."

Mzee alinitazama na boksi langu. "Mwalimu, hizo ni za shule?"

"La, mzee, ni hadithi."

"Ya nini?"

Nikavuta pumzi. "Ni riwaya ya taharuki inayoangazia..."

Akainua kidole. "Mwalimu. Hii pakiti nyuma imeandikwa inazuia damu kuganda. Mimi nikisimama hapa niseme inazuia damu kuganda, nitauza?"

"Hapana."

"Nani anakufa?"

"Mweka hazina."

"Wa nini?"

"Kamati ya mazishi."

Akacheka kwa pua. Kipaza sauti kilikuwa kinaendelea, mende, kunguni. "Halafu?"

"Anapatikana Jumatatu, amekufa. Jumatano, namba yake ya simu inatuma M-Pesa. Anachanga shilingi elfu mbili za mazishi yake mwenyewe."

Mzee akanyosha mkono akazima kipaza sauti.

Sijui nieleze vipi kile kimya. Tom Mboya haina kimya, kulikuwa na honi na makanga na mvua, lakini palipokuwa na ile sauti pakawa wazi, na wapita njia wawili wakageuka kuangalia kumetokea nini. "Nani anatuma?" akauliza. Nikafungua mdomo. Akainua kidole tena. "Ukisema sinunui."

Alinilipa shilingi mia tano na pakiti mbili za dawa kufidia mia mbili zilizobaki. Nilipanda matatu kwa ile nauli ya maradufu na sikuisikia.

Baadaye nilisoma kuhusu hizo dawa, maana mwandishi wa mauaji lazima asome lebo. Nyingi kweli huzuia damu kuganda, na panya hufa siku kadhaa baada ya kula, mara nyingi palepale alipojificha, ndani ya dari au nyuma ya kabati. Hili la kutoka nje kutafuta maji halina msingi. Yaani sentensi bora ya uuzaji niliyowahi kuisikia maishani ni hadithi ya kubuni. Sijamwambia mzee, na nashuku anajua.

Nilikaa na ile sentensi mwezi mzima nikiichambua kama mwalimu wangu wa dhamira. Ina maneno machache na ndani yake mna kosa, mna marehemu, mna maiti iliyohamishwa, na mna mtu asiye na hatia atakayeikuta asubuhi. Kicheko kinakuja mwishoni, kwa jirani, na kinakuja kwa sababu kila mmoja wetu ana jirani. Hakuna popote anaposema "dawa hii ni kali na inachekesha." Mimi kwa mwaka mzima nilikuwa nikizunguka Nairobi nikisema vitabu vyangu ni vya kiza na vya kuchekesha. Mtu akikuambia yeye ni mcheshi, wewe hucheki, unaanza kumkagua.

Basi nikafuta maneno yote nyuma ya jalada. Chapa ya pili ina sentensi mbili tu: "Mweka hazina wa kamati ya mazishi alipatikana amekufa Jumatatu. Jumatano akachanga elfu mbili za mazishi yake." Hakuna neno taharuki, hakuna jamii, hakuna maadili. Nilijaribu sentensi hiyo kwenye matatu, kinyozi, foleni ya benki, kwenye ngazi za ofisi yetu. Ninapofika "Jumatano" huwa najua tayari. Mtu atakayenunua, kichwa chake kinakuja mbele kidogo. Asiyenunua anasema "aki" na kurudi kwenye simu yake, na sihangaiki naye. Zamani nilikuwa nawahangaikia hao ndio zaidi.

Wiki mbili baada ya ile mvua mzee alinipigia simu. Namba yangu iko ukurasa wa mbele, pamoja na ile ya till ya kulipia kwa simu.

"Mwalimu, umenichezea."

Moyo ukaanguka. "Vipi tena, mzee?"

"Nimefika ukurasa wa 112, naona nimerudi 97. Nikadhani ni mtindo. Nikasoma tena. Marehemu anakufa mara ya pili! Nikasema huyu mwalimu ni hatari, amemfufua. Halafu nikaruka nikajikuta 129, na kila mtu ameshamjua muuaji isipokuwa mimi."

Kitabu hakichapwi ukurasa mmojammoja. Karatasi kubwa hupigwa kurasa nane upande huu na nane upande ule, hukunjwa mara tatu, ukapata mkunjo wa kurasa 16. Mikunjo hupangwa kwa zamu yake, hupakwa gundi mgongoni, jalada hugandishwa, kingo hukatwa. Changu kina kurasa 144, yaani mikunjo tisa. Aliyekuwa akipanga kwa mkono, labda usiku, labda na njaa, alichukua mkunjo wa saba mara mbili akauruka wa nane. Wa nane ndio wenye muuaji. Kati ya nakala 300 nilizochapa kwa shilingi 230 kila moja, 46 zilitoka hivyo, na 19 zilikuwa tayari mikononi mwa watu. Mpiga chapa aliniambia nilipaswa kuhesabu kabla ya kubeba. Sasa nahesabu. Naketi sakafuni kiwandani na kufungua nakala mojamoja ukurasa wa 112, na vijana wa pale wananiita Mama Mia na Kumi na Mbili.

Katika hao 19, kumi na mmoja walikuwa wamemaliza kitabu wala hawakulalamika. Mmoja aliniambia alipenda vile nilivyomficha muuaji mpaka mwisho, kwamba ni ujasiri. Kwa upande mwingine, wakati huohuo kulikuwa na PDF ya wizi inazunguka WhatsApp, na hiyo ilikuwa na kurasa zote, 113 mpaka 128, safi kabisa. Wezi walikuwa makini kuliko mpiga chapa wangu. Kuhusu PDF sina la zaidi. Nilipoteza miezi miwili nikigombana na watu wenye picha za maua kwenye wasifu, na sikuuza hata nakala moja kwa ugomvi.

Nilichofanya ni kuchapa ule mkunjo uliopotea peke yake. Karatasi nne za A4, zikipigwa pande zote mbili, zikikunjwa katikati na kubanwa kwa pini mbili, zinatoa kurasa 16. Nikawapelekea wenye nakala mbovu mmojammoja, kwa mguu na kwa bodaboda, pamoja na kuomba radhi. Mmoja wao ana saluni Buruburu. Nilimkuta anasuka, mikono yote miwili kichwani mwa mteja, akaniambia niache mezani. Yule mteja akachukua. Akaanza kusoma ukurasa wa 113 bila kujua chochote kilichotangulia, akiwa ameinamishwa shingo, akasoma kurasa zote 16, akauliza, "Sasa huyu Mama Kamati ametokea wapi, na mbona ana funguo za tangi?" Mwenye saluni akamsimulia. Alimsimulia vibaya, akachanganya majina, lakini kwa raha ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo katika dakika arobaini za utanzu. Waliosubiri foleni wakaingilia. Wakati rasta zinakwisha nilikuwa nimeuza nakala tatu.

Hapo ndipo nikaacha kugawa kadi na kalenda na alamisho zenye picha yangu. Nilirudi kwenye mashine nikachapa kurasa 16 za mwanzo, zinazokoma kwenye ule mchango wa Jumatano, palepale simu ya mwenyekiti inapolia. Kila kijitabu kilinigharimu shilingi 18. Mwishoni hakuna "nunua sasa." Kuna bei, namba ya till, na mstari unaosema ukurasa wa 17 ninao mimi. Naviacha mahali watu wanapokaa bila la kufanya na simu zao zikiwa na chaji kidogo: saluni, kinyozi, dobi, hospitali (chumba cha kusubiri cha daktari wa meno kinashinda vyote), ofisi za matatu za Nyamakima ambako msafiri wa Nakuru husubiri gari lijae. Vingine hupotea, vingine hufungia njugu. Mwanamke mmoja alinipigia akiwa Naivasha akataka nimsomee ukurasa wa 17 kwa simu. Nilimsomea nusu.

Hesabu nitaigusa tu, ingawa ndiyo kazi yangu. Bei ni 700. Duka likichukua asilimia 40 linabakiza 420, ukitoa 230 za chapa unabaki na 190, na hizo utaziona baada ya miezi mitatu ukifuatilia, ukienda na risiti, ukimngoja mtu aliyetoka kidogo. Nikiuza mwenyewe nabaki na 470 kabla ya bahasha na nauli ya kifurushi, na simu inalia papo hapo. Maduka bado nayatumia mawili, yale yanayokubali kuniweka pale mbele kwenye kaunta, karibu na kalamu. Kuhusu kuuza nje kwa mtandao, ya pili niliitafsiri kwa Kiingereza nikaiweka Amazon. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hivyo asilimia 30 ya mrabaha wa wasomaji wa huko hukatwa kabla haujanifikia. Kwa kiasi ninachouza huko, hiyo asilimia 30 ni bei ya chapati.

Ngumu zaidi ni utani wenyewe. Msomaji mmoja wa Mombasa, mama mwenye heshima zake, aliniandikia kwamba si desturi yetu kucheka mbele ya maiti, haya tumeyaiga. Nilimheshimu lakini sikukubaliana naye. Jirani zetu wa Tanzania wana watani, na mtani msibani ana haki ambazo hata ndugu hana: anaweza kumwiga marehemu alivyokuwa akitembea, anaweza kuingia kaburini akakataa kutoka mpaka alipwe. Watu wanacheka huku macho yana maji, kisha wanazika. Huo ucheshi ninaouuza ni wa zamani kuliko jiji hili. Ila mtani ana mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo nimejifunza kwa kuumia. Mimi sasa mjane simchezei. Katika rasimu ya kwanza mjane wangu alikuwa na mambo ya kuchekesha, kilio chake, kitambaa chake. Niliyaondoa yote. Sasa wanaochekwa ni wanakamati, mwenyekiti na kikohozi chake, yule anayetoa ahadi ya elfu kumi kila msiba na hajawahi kulipa. Kila familia ina mmoja na hakuna anayejidhania kuwa ndiye.

Na mtani anajua siku ya kunyamaza. Mwaka 2024 nilikuwa nimejifunza kupanga matangazo Facebook yajitume yenyewe, nikajiona mjanja. La tarehe 25 Juni lilikuwa linauliza, "Nani atalipia jeneza?" Lilijituma saa moja jioni, kama nilivyoliamuru. Mchana huo waandamanaji wa kupinga Mswada wa Fedha walikuwa wameingia Bunge, na vijana walikuwa wamepigwa risasi mitaani humuhumu mjini. Mimi nilikuwa nimekwama ofisini, simu haina chaji. Nilipoifungua saa nne usiku nilikuta ujumbe mmoja chini ya tangazo langu, kutoka kwa msomaji aliyenunua vitabu vyote viwili. Alikuwa ameandika: "Leo hapana, dada." Nililifuta. Nilimwandikia nikamwomba msamaha, akajibu kwa nukta moja tu. Nilinyamaza mpaka Septemba. Tangu hapo hakuna tangazo langu linalojituma. Kila moja nalituma kwa kidole changu, baada ya kuangalia habari, na siku nyingine kidole kinakataa.

Kijana mmoja aliniuliza juzi kama ni lazima aandike Sheng ndipo vijana wa Nairobi wacheke. Nilimwambia asome mazungumzo yake kwa sauti kwenye matatu ya saa mbili asubuhi, kwa sauti ya chini, na aangalie anapoona haya. Wahusika wangu wa Eastlands wanaongea kama Eastlands, msimulizi anaongea kama mimi. Sina kanuni zaidi ya hiyo.

Mzee wa panya nilimpelekea mkunjo wake wa nane. Aliukataa. Alisema ameshaamua muuaji ni nani, na akanitajia, na kusema kweli muuaji wake ni mzuri kuliko wangu. Nilimwuliza kama naweza kumtumia katika kitabu cha tatu akasema tutaongea bei. Lakini alikubali kuweka vijitabu vyangu mezani, kumi kwa kuanzia, kando ya panya. Akimuuzia mtu dawa anampa na kijitabu, bure.

Ijumaa nilipita kuangalia. Mvua tena, nauli tena. Vijitabu vilikuwa vimebaki viwili.

"Kuna mmoja alirudi analalamika," aliniambia. "Kijana wa Kariobangi. Alidhani ni maelezo ya kutumia dawa."

Nikafunika uso. "Alisoma?"

"Yote. Alikuwa anatafuta vipimo." Mzee akapunguza sauti ya kipaza. "Anauliza nani alituma ile elfu mbili. Nimemwambia uje leo. Ni yule pale, mwenye kofia, ana mia saba."